Dai la Bima Huanzia Kitandani

Wasafiri wengi wa Mbeya na Iringa hukata bima ya safari kwa sababu ubalozi umeidai. Hati inaingia kwenye bahasha ya viza pamoja na barua ya mwaliko, taarifa ya benki na picha ndogo, na viza ikishatoka haifunguliwi tena. Mwenye bima hajui imebeba nini, hajui apige simu wapi akiugua, na wakati mwingine hajui hata jina la kampuni, kwa kuwa kila kitu alifanyiwa na mtoto au mwenyeji wake. Akiugua huko aliko anatibiwa, bili inalipwa kwa kadi ya mwenyeji, anarudi nyumbani, anapumzika, na wiki ya tatu ndipo mtu anauliza: hivi si ulikuwa na bima?

Swali hilo limechelewa. Dai la ugonjwa wa safarini hujengwa mgonjwa akiwa bado kitandani, daktari akiwa bado anamkumbuka na mhasibu wa hospitali akiwa hatua kumi kutoka mlangoni. Karatasi unayoweza kuipata huko kwa dakika tano itakusumbua miezi ukiitafuta kwa barua pepe kutoka Mafinga au Tukuyu. Mengi ya yatakayofuata hapa ni namna ya kuitendea haki hiyo saa ya kwanza, na namna ya kujiandaa kabla haijafika.

Wanaohusika si wachache. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) ina ushirika wa Bega kwa Bega na Sinodi ya Saint Paul huko Minnesota, Marekani, na wazee wa sharika hupishana angani na wageni wao. Wamoravian wa Mbeya wana ndugu zao Ujerumani tangu wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891. Wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa hufuata mzigo Guangzhou, wengine hupanda basi Tunduma kuelekea Lusaka na Johannesburg. Wazazi huenda kulea wajukuu Ulaya, na siku hizi wapo wanaolipiwa na watoto wao safari ya meli ya kitalii. Wote hao wanaweza kuugua, na wote watatakiwa kuthibitisha.

Kadi uliyonayo na kadi unayoihitaji

Tuanze kwa kuondoa dhana mbili. Ya kwanza ni ya kadi ya NHIF. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, unalipia matibabu kwenye vituo ulivyovisajili hapa nchini. Ukipanda meli ya MV Mbeya II kwenye Ziwa Nyasa na tumbo likakushika kabla ya Mbamba Bay, bado uko Tanzania. Ukishuka unakwenda kwenye kituo kilichosajiliwa na kadi yako inafanya kazi. Ukivuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu ukaugua Karonga, kadi hiyohiyo haikusaidii kitu.

Dhana ya pili ni ya kadi ya njano. Dereva wa lori au mwenye gari dogo anayevuka Tunduma anaijua kadi ya njano ya COMESA. Hiyo ni bima ya chombo: inahusu madhara ambayo gari lako limewasababishia wengine, na matibabu ya waliokuwemo garini ajali ikitokea. Haihusu homa, shinikizo la damu, wala kuhara. Pia si ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano inayoulizwa mipakani na viwanja vya ndege. Mtu anaweza kuwa na kadi zote mbili mkobani na bado akawa hana bima ya kuugua.

Unayoihitaji ni bima ya safari yenye kipengele cha matibabu. Anayekwenda nchi za Schengen hana hiari: Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inataka bima isiyopungua euro 30,000, inayotumika katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa kukaa, na inayobeba matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Marekani haiombi bima kwa anayekwenda kutembea, na hapo ndipo watu wanaposahau kuikata, ingawa gharama za hospitali za huko ndizo za kuogopwa zaidi.

Mambo ya kusoma kabla ya kuondoka

Benki nyingi siku hizi ni mawakala wa bima, na mawakala wa kawaida wamejaa mjini Mbeya na Iringa. Kokote ulikokata, usiondoke na cheti cha ukurasa mmoja tu. Omba mkataba wenyewe, hata kama ni faili kwenye simu, kisha usome sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni eneo. Bima iliyoandikwa “Schengen” inaishia kwenye mipaka ya Schengen. Ukiunganisha safari kupitia Uturuki ukakaa siku mbili kununua nguo, siku hizo mbili huenda huna bima.

Ya pili ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Kisukari, presha, pumu, vidonda vya tumbo: mikataba mingi haivilipii, au inavilipia kwa dharura tu, au inataka uvitaje mapema na kuongeza ada. Vitaje. Mzee anayemeza dawa za presha kila asubuhi na akaandika “hapana” kwenye fomu ameshaiharibu bima yake kabla hajatoka nyumbani, kwa kuwa daktari wa huko atamuuliza anatumia dawa gani, naye atajibu kweli, na jibu litaandikwa.

Ya tatu ni sababu ya safari. Anayekwenda India kutibiwa figo au moyo hawezi kutegemea bima ya kawaida ya safari imlipie figo au moyo. Bima hii ni ya jambo lisilotarajiwa. Msindikizaji wake, akipata kipindupindu au akivunjika mguu kwenye ngazi, ndiye mwenye dai.

Ya nne ni kiasi utakachobeba mwenyewe. Ikiwa mkataba unasema dola 100 za mwanzo ni zako, bili ya dola 80 haina dai, na hakuna haja ya kukasirika.

Ukishasoma, toa namba ya simu ya dharura ya saa 24, andika na namba ya bima, kwenye karatasi tatu: moja kwenye pasipoti, moja kwa mwenyeji, moja kwa mtu wa nyumbani. Usitegemee simu peke yake. Laini ya nyumbani inaweza isishike huko, na simu ya mgonjwa ndiyo kitu cha kwanza kuishiwa chaji.

Saa ya kwanza

Tuseme mama wa miaka 67 kutoka Kyela amemtembelea binti yake Hamburg. Siku ya tisa anaanza kutetemeka, homa inapanda, anatapika. Binti afanye nini?

Maisha kwanza. Ikiwa hali ni ya kutisha, apige 112, namba ya dharura inayotumika kote Umoja wa Ulaya. Ingekuwa Marekani ni 911. Hakuna kampuni ya bima yenye haki ya kudai mgonjwa aliyezimia asubiri ruhusa. Lakini mgonjwa akishafika mikononi mwa wahudumu, simu ya pili iende kwenye ile namba ya saa 24. Mikataba mingi inataka kampuni ijulishwe kabla ya kulazwa au kabla ya kipimo kikubwa, au mapema iwezekanavyo. Kujulisha kuna faida nyingine kubwa: kampuni ikitaarifiwa mgonjwa akiwa bado hospitali, inaweza kuiandikia hospitali barua ya kudhamini malipo, na familia isitoe hata senti. Asiyejulisha hulipa kwanza, kisha anaanza kudai.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na kamili. Mathalani: “Mama yangu, umri miaka 67, namba ya bima hii hapa, aliwasili Ujerumani tarehe 5 Mei. Tangu tarehe 13 Mei saa 20:00 ana homa kali na anatapika. Yuko idara ya dharura ya hospitali fulani, simu hii. Daktari anataka kumlaza. Naomba namba ya dai na barua ya dhamana kwa hospitali.” Utume kwa barua pepe hata kama umeshapiga simu, kwa sababu barua pepe inabaki na tarehe na saa yake. Katika simu, andika jina la aliyekupokea, saa, na namba ya dai uliyopewa. Miezi miwili baadaye, ukiambiwa “hatukujulishwa”, mstari huo mmoja wa daftari ndio utakaokutetea.

Mweleze daktari, usimfiche

Mgonjwa wetu anatoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, bonde lililo chini kwenye mita zipatazo 500 tu juu ya usawa wa bahari, ambako malaria ni ugonjwa wa kila msimu. Daktari wa Hamburg anaweza kuanza kwa kufikiria mafua au nimonia. Ni kazi ya familia kusema wazi: ametoka Tanzania, eneo lenye malaria, siku kadhaa zilizopita, tafadhali pimeni damu. Hilo linaokoa maisha, maana malaria ya falciparum ikichelewa inaua. Linasaidia na dai pia.

Linasaidiaje? Vimelea vya malaria huchukua kwa kawaida siku saba hadi wiki kadhaa tangu mtu aumwe na mbu mpaka homa itokee. Homa ya siku ya tisa inaweza kuwa imetokana na mbu wa Kyela. Mkaguzi wa madai anaweza kuuliza: huu si ugonjwa uliokuwepo kabla? Jibu liko kwenye maneno ya mkataba. Mikataba mingi hutazama kama mtu alikuwa na dalili, alipimwa au alitibiwa ugonjwa huo kabla ya bima kuanza. Mama aliyeondoka nyumbani mzima, bila homa na bila dawa, hakuwa na ugonjwa aliojua. Kwa hiyo taarifa ya daktari iandike bayana tarehe dalili zilipoanza. Mwombe aandike. Asipoandika, mkaguzi atajijazia mwenyewe.

Kinyume chake ni mtu aliyepanda ndege Uwanja wa Songwe akiwa na homa, akameza dawa za kutuliza njiani ili asirudishwe. Huyo dai lake ni bovu, na kulipamba ni udanganyifu. Asafiri baadaye.

Karatasi za kutoka nazo hospitali

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na madai ya bima ni mali ya aina hiyo hasa. Kabla mgonjwa hajavaa viatu vyake vya kurudi nyumbani, mtu mmoja wa familia azunguke na kukusanya haya.

Taarifa ya daktari: jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe dalili zilipoanza, vipimo vilivyofanywa na majibu yake, jina la ugonjwa, tiba iliyotolewa, tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, jina na sahihi ya daktari, mhuri. Kama hospitali inaandika kwa Kijerumani au Kichina, uliza palepale kama wanaweza kutoa nakala kwa Kiingereza. Hospitali nyingi kubwa zinaweza, lakini haziwezi kujua kwamba unaihitaji.

Bili yenye mchanganuo. Tofauti ndiyo hii: risiti moja inasema “huduma za matibabu, euro 1,940”. Nyingine ina mistari: kumwona daktari wa dharura, kipimo cha damu cha malaria, picha ya kifua, kitanda siku mbili, dawa kwa majina na idadi. Ya kwanza inaonekana safi na itarudishwa. Ya pili ina vurugu ya mistari na italipwa. Mkaguzi hawezi kulipia asichokiona.

Uthibitisho kwamba fedha zimetoka: risiti ya malipo, na taarifa ya benki au ya kadi inayoonyesha siku hiyo na kiwango cha kubadilisha fedha. Ikiwa aliyelipa ni binti kwa kadi yake, aandike barua fupi kusema alilipa kwa niaba ya mama, na itajwe nani arudishiwe. Fedha taslimu zisizo na risiti hesabu kwamba umezitoa sadaka.

Cheti cha dawa na risiti ya duka la dawa, vyote viwili. Risiti ya dawa isiyo na cheti cha daktari inaonekana kama umenunua mwenyewe kwa hiari yako.

Na kama ndege ya kurudi imeahirishwa, barua ya daktari kwamba mgonjwa hakuweza kusafiri kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, pamoja na tiketi ya zamani, tiketi mpya, na maelezo ya shirika la ndege kuhusu fedha walizorudisha au kukataa kurudisha. Usinunue tiketi mpya kabla ya kuwauliza watu wa bima. Kampuni zingine hupanga safari hiyo zenyewe.

Kwa wanaokwenda Marekani kuna onyo la ziada. Bili haiji moja. Hospitali inaleta yake, daktari wa dharura yake, maabara yake, gari la wagonjwa lake, na nyingine hufika wiki kadhaa baada ya mgonjwa kurudi Iringa. Mwenyeji wa Minnesota aombwe asitupe bahasha yoyote yenye jina la mgonjwa, na asilipe kabla hajaipiga picha na kuituma.

Piga picha kila karatasi siku hiyohiyo, utume kwa mtu wa nyumbani. Nakala halisi zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisiwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Saa mbili ni saa ngapi?

Kosa dogo la kwetu limewahi kuharibu madai makubwa. Mtu anajaza fomu kwa kufikiri saa za Kiswahili. Homa ilianza saa mbili usiku, anaandika 2:00. Msomaji wa fomu huko ng’ambo anaelewa saa nane za usiku wa manane. Sasa fikiria aliyeugua siku ileile aliyosafiri: ndege iliondoka Dar es Salaam saa kumi alfajiri, yaani 04:00, na homa ikaanza saa mbili usiku baada ya kufika, yaani 20:00. Akiandika 2:00, amejiandikia mwenyewe kwamba aliugua saa mbili kabla ya ndege kuruka. Kwenye fomu yoyote ya bima tumia saa 24, na taja ni saa za nchi gani.

Tarehe nazo ni vilevile. Mmarekani huanza na mwezi, sisi huanza na siku, hivyo 03/04 ni Aprili kwetu na Machi kwake. Andika jina la mwezi kwa herufi. Na majina: pasipoti ikisema jina moja, hospitali ikaandika la ubatizo, na kadi ya benki ikawa na la ukoo, tayari una watu watatu kwenye jalada moja. Mwambie mpokezi wa hospitali aandike kutoka kwenye pasipoti.

Ukiwa ndani ya meli

Safari ya meli ya kitalii ina sheria zake, na mzazi anayealikwa na watoto kuzunguka Bahari ya Mediterania azijue kabla ya kufungasha.

Zahanati ya meli ni ya kulipia. Unatibiwa, gharama inaongezwa kwenye akaunti ya chumba chako, nawe unailipa kabla ya kushuka, kisha ndipo unadai kwa kampuni yako. Kwa hiyo siku ya mwisho usishuke na bili ya jumla ya chumba iliyochanganya soda, picha na dawa. Omba bili ya zahanati peke yake, yenye mchanganuo, na taarifa ya daktari wa meli. Meli ikishang’oa nanga kuelekea safari nyingine na wahudumu wakabadilishana zamu, kumpata daktari yule ni kazi.

Angalia eneo tena. Meli inaweza kutoka Barcelona, ikatia nanga Tunis au Izmir, ikarudi Ulaya. Bima ya Schengen pekee haikufuati Tunis. Na ikiwa viza yako ni ya kuingia mara moja, ukitoka Schengen imekwisha. Kurudi bandarini kutakuwa tatizo jingine ambalo bima ya matibabu hailitatui. Omba bima inayotaja safari za meli, nchi zote za njiani, na kuhamishwa mgonjwa kutoka baharini. Helikopta ya kumchukua mgonjwa melini si ya bei ya teksi ya Uyole.

Kwenye meli kuna pia jambo la kutengwa. Watu wengi katika nafasi ndogo huambukizana haraka. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 walipata UVIKO-19. Jirani na kwetu, Februari 2024, Mauritius iliizuia meli ya Norwegian Dawn, iliyotoka Afrika Kusini na watalii zaidi ya 2,000, kuingia Port Louis kwa sababu abiria wachache walikuwa na maradhi ya tumbo. Vipimo vikaonyesha si kipindupindu. Abiria wa hali hiyo anaweza kuwa hana bili kubwa ya dawa, ila amefungiwa chumbani siku kadhaa, amekosa bandari alizolipia, na pengine amekosa ndege. Baadhi ya mikataba hulipa kiasi fulani kwa kila siku ya kutengwa chumbani, kwa sharti moja: daktari wa meli athibitishe kwa maandishi kwamba yeye ndiye aliyeagiza utengwe, kuanzia lini hadi lini. Aliyejifungia mwenyewe kwa kichefuchefu hana dai.

Wageni wanaougua kwetu

Upande wa pili nao unatuhusu. Iringa ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na nyumba nyingi za Mbeya na Iringa hupokea wageni wa makanisa, wa vyuo na wa miradi. Mgeni akiugua, mwenyeji ndiye msaidizi wake wa bima bila kutaka.

Akiwa ndani ya hifadhi na hali ikawa mbaya, barabara ya kurudi mjini ni ndefu na mbovu kwa mgonjwa. Kampuni za bima za kigeni mara nyingi hutumia ndege za wagonjwa, kama za AMREF Flying Doctors kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, huduma ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1957. Ndege hiyo haiji kwa kuitwa na mwenyeji peke yake. Inahitaji mtu wa kulipa. Kwa hiyo namba ya dharura ya mgeni uwe nayo mapema, si kuitafuta kwenye begi lake akiwa amelala.

Akitibiwa hospitali ya serikali, malipo hupitia kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Mkaguzi wa Ulaya hajui kontrol namba ni nini. Chukua bili yenye mchanganuo, stakabadhi ya serikali, na taarifa ya daktari yenye mhuri. Kwa hospitali binafsi, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Na mgeni anayepanga kumalizia Zanzibar ajue kuwa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44. Hiyo inahusu ukaaji wake visiwani. Homa aliyoipata Iringa wiki iliyotangulia ni ya bima yake ya nyumbani.

Kupeleka dai

Ukirudi, usisubiri bili zote ziishe kufika. Mkataba unataja siku za kupeleka dai. Zihesabu, peleka ulichonacho, na sema kwa maandishi kwamba nyaraka fulani zinafuata. Fomu ijazwe na mtu anayeijua habari yenyewe. Panapoulizwa kama umewahi kutibiwa ugonjwa unaofanana, jibu kweli na kwa ukamilifu; “sijui” na mstari mtupu vyote husomwa vibaya. Ambatisha nakala ya pasipoti yenye mihuri ya kutoka na kuingia, tiketi, cheti cha bima, taarifa ya daktari, bili, risiti, na orodha ya ukurasa mmoja: tarehe, huduma, kiasi, karatasi namba ngapi. Orodha hiyo hakuna anayeiomba, lakini inamrahisishia mkaguzi kazi, na mkaguzi aliyerahisishiwa hulipa upesi.

Peleka kwa wakala, lakini na nakala iende makao makuu kwa barua pepe. Bahasha iliyoachwa kaunta bila kugongewa muhuri wa kupokelewa ni bahasha ambayo haijapelekwa.

Ikija hati ya kukubali malipo, isome kabla ya kutia sahihi. Kama inasema unapokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, ukisaini umefunga mlango wa kudai salio. Kama umelipwa pungufu, uliza kwanza kipi kimekatwa na kwa kifungu kipi.

Wakikataa

Kukataliwa si mwisho. Omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba kinachotumika, kisha kisome mwenyewe. Mara nyingi kilichokosekana ni karatasi moja: tarehe ya dalili, mchanganuo, cheti cha dawa. Hiyo inatafutwa na dai linarudishwa. Ikiwa wanasema ni ugonjwa wa zamani, nenda kwenye hospitali yako ya kawaida, iwe ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Tosamaganga, uombe muhtasari wa jalada lako unaoonyesha hukuwahi kutibiwa tatizo hilo. Muhtasari wa aina hiyo una uzito kuliko barua tatu za malalamiko.

Mkiendelea kutoelewana, tazama bima ni ya nani. Ikiwa kampuni imesajiliwa Tanzania, msimamizi wake ni TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na yenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini mjini Mbeya. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayesikiliza malalamiko ya mwananchi dhidi ya kampuni baada ya mwananchi kuanza na kampuni yenyewe. Ikiwa bima ilikatwa na mwenyeji kwa kampuni ya Ujerumani, TIRA haina mamlaka nayo. Ujerumani ina wasuluhishi wake, na mwenyeji aliyeikata ndiye wa kulipeleka lalamiko huko. Ndiyo maana jina la kampuni lilipaswa kujulikana kabla ya safari.

Barua ya lalamiko isizidi ukurasa mmoja: nilikata bima hii tarehe hii, niliugua tarehe hii, nilijulisha saa hii na kupewa namba hii, nilitumia kiasi hiki, mlikataa kwa sababu hii, na ushahidi wa kupinga sababu hiyo ni karatasi namba nne na saba. Wenye kuijaza mistari hiyo bila kubahatisha ni wale waliofungua daftari siku ya kwanza ya homa.